Oili ya Mashine na Mkono Unaoichanganya



Katika visiwa vyetu vya Lamu zipo nyumba nyingi ambazo riziki yake imefungwa nyuma ya boti kwa skrubu mbili. Mashine ikinguruma, chungu huteleka na ada ya shule hulipwa. Ikinyamaza katikati ya maji, nyumba nzima husimama. Hata hivyo mashine hiyo huzungumzwa gatini na barazani, na ni nadra kuzungumzwa uwani, kana kwamba wanaolala na njaa inapoharibika ni wanaume peke yao. Juma hili tumeomba nafasi katika kurasa hizi za familia ili tueleze jambo lililotushughulisha nyumbani kwa muda wa miezi miwili: je, mashine kuukuu ya mapigo mawili, ile inayojitilia oili yenyewe, iondolewe pampu yake ya oili na petroli iwe ikichanganywa kwa mkono, au iachwe kama ilivyoundwa?

Tunaposema "sisi" tunamkusudia mama yetu na watoto wake watano, wawili wa kiume na watatu wa kike, warithi wa boti moja iendayo baina ya Faza na mji wa Lamu. Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha boti, mashine yake, na wazee wake walikwisha kumtangulia. Mirathi ilipogawanywa, hesabu ilitoka safi: mama thumuni moja, kila binti thumuni moja, na kila mtoto wa kiume thumuni mbili. Mwenye kujumlisha ataona kwamba nusu kamili ya boti ile ni mali ya wanawake wanne. Nusu ya mashine ni yao, na nusu ya hasara yake ni yao pia. Lakini siku ile ya mgawanyo hapakuwa na hata mmoja katika hao wanne aliyeweza kueleza mashine inakula nini. Wala haikuwa aibu yao, kwani hakuna aliyewahi kuulizwa.

Basi na tuanze hapo, kwani hukumu ya jambo hutokana na kulijua.

Injini ya gari ina karai la oili chini yake. Oili huzunguka humo, hulainisha vyuma, kisha hurudi karaini, na hubadilishwa baada ya muda. Mashine ya boti ya mapigo manne nayo ni hivyo hivyo. Ile ya mapigo mawili haina karai. Petroli na hewa hupita kwanza katika chumba cha chini ambamo kranki huzunguka, kisha hupanda juu ya pistoni na kuungua. Kwa hiyo oili ya kulainisha beringi, pistoni na kuta za silinda haina njia nyingine ya kufika ila iandamane na petroli yenyewe. Ikifika, hufanya kazi yake, huungua, na hutoka kwa moshi. Isipofika, chuma husugua chuma, joto hupanda, pistoni hutanuka na kung'ang'ania silinda. Hilo halingojei siku wala saa; hutokea kwa dakika chache. Mafundi wetu husema mashine imenoki, na mashine iliyonoki baharini ni mzigo wa chuma tu.

Njia za kuifikisha oili hiyo ni mbili. Ya kwanza ni kongwe: oili hupimwa na kuchanganywa katika petroli kabla haijatiwa tangini. Kipimo kilichozoeleka kwa mashine nyingi ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita. Mtungi wa lita 20 hutaka mililita 400, na tangi la lita 25 hutaka nusu lita. Mashine nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilikuwa zikitaka oili maradufu ya hiyo. Nyingi katika mashine za Yamaha aina ya Enduro, ambazo kila mtoto wa pwani anaujua mlio wake, ni za kuchanganya kwa mkono hadi leo.

Njia ya pili ilienea katika miaka ya 1980. Oili huwekwa katika chombo chake chini ya kifuniko cha mashine au ndani ya boti, na pampu ndogo huivuta na kuitia kidogo kidogo pale petroli inapoingia. Mwaka 1984 kampuni ya OMC ya Marekani, iliyokuwa ikiunda mashine za Johnson na Evinrude, ilileta mfumo wake ulioitwa VRO, na watengenezaji wengine nao walikuwa na mifumo yao. Faida yake ni ya kweli. Mashine inapokwenda pole pole haihitaji oili nyingi kama inapokimbia, na pampu hulijua hilo: mwendo mdogo huenda ikatoa sehemu 1 kwa 100 au pungufu ya hapo, na mwendo wa kasi hufikia 1 kwa 50. Moshi hupungua, plagi hazichafuki upesi, oili haipotei bure, na nahodha hununua petroli tupu popote aipatapo bila kupima chochote.

Mashine aliyotuachia baba ni ya arubaini, ya namna hiyo ya pili, na umri wake umepita miaka 20. Mwishoni mwa kaskazi, ikiwa na abiria katikati ya Ghuba ya Manda, kengele yake ya hatari ililia. Ndugu yetu aliizima, akafunua kifuniko, akakuta chombo cha oili kimejaa. Akaiwasha tena, ikawa kimya. Baada ya wiki mbili ikalia mara ya pili. Tukumbuke abiria wenyewe ni akina nani: wafanyabiashara wa samaki, wanafunzi, wazee waendao kwa daktari, na mara kwa mara mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Lamu kwa sababu uchungu umekuwa mzito. Hao hawakuja kujaribu bahati ya mashine yetu. Wametukabidhi roho zao kwa nauli.

Fundi aliyeitazama alitoa hukumu yake papo hapo. "Bi mkubwa," alimwambia mama, "pampu hii ni mzee, na pampu ikifa haiagi. Ing'oeni, mchanganye wenyewe, mlale usingizi." Ami yetu, ambaye ameendesha boti miaka mingi kuliko umri wetu, alikataa kata kata. "Mashine imetoka kiwandani na pampu yake," alisema. "Binadamu husahau kuliko pampu. Siku mtu atakapotia petroli tupu kwa haraka, mtalia."

Tulipowasikiliza wote wawili tuliona kwamba kila mmoja anasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Pampu huharibika kwa siri, na mkono wa mtu husahau kwa dhahiri. Lipi kati ya hayo mawili nyumba yetu inaweza kulilinda?

Kabla ya kujibu tulikubaliana tusimhukumu asiyekuwepo, na pampu haina ulimi wa kujitetea. Tulimwomba fundi aijaribu. Namna ya kuijaribu ni nyepesi, na kila mwenye mashine kama hiyo anaweza kuitaka kwa fundi wake. Petroli ilichanganywa na oili kwa kipimo cha 1 kwa 50, huku pampu ikiachwa mahali pake ikifanya kazi. Kwa hivyo, hata kama pampu ilikuwa imekwisha kufa, mashine isingekosa oili siku za majaribio. Chombo cha oili kilijazwa hadi mstari uliobandikwa kwa utepe, kisha boti ikafanya safari zake za kawaida mpaka lita 100 za petroli zikaisha. Moshi ulikuwa mwingi siku hizo, kwani mashine ilikuwa ikipata oili mara mbili, na plagi ilibidi zisafishwe. Baadaye chombo kilijazwa tena hadi kwenye mstari, na oili iliyohitajika ikapimwa.

Cha kupimia hatukuwa nacho, mpaka dada yetu mdogo alipokwenda ndani akarudi na chupa ya maziwa ya mtoto, ile iliyochorwa mistari ya mililita ubavuni. Wanaume walicheka, kisha wakanyamaza walipoona hakuna kipimo sahihi kuliko hicho katika nyumba nzima. Chombo kilikunywa chupa 6 za mililita 240, jumla mililita 1,440. Kwa lita 100 za petroli, hiyo ni sehemu 1 kwa kama 69. Kwa mashine ambayo safari yake moja ina mwendo wa kasi ghubani na mwendo wa kunyatia katika Mkanda, hasa maji yanapokupwa, kipimo hicho ni cha pampu iliyo hai. Kosa la kengele lilionekana kwenye kidude kinachoelea ndani ya chombo kuangalia usawa wa oili: kilikuwa kimeshikwa na uchafu, na kiungo cha waya wake kimeliwa na chumvi.

Ami alitabasamu, na alikuwa na haki yake. Laiti tungeng'oa siku ile ya kwanza, tungemwadhibu asiye na hatia, na kengele ingeendelea kulia.

Lakini fundi alituonyesha mengine pia, na haya hayakuwa ya kuchekesha. Mipira midogo inayopeleka oili ilikuwa imekauka, ikikunjwa inapasuka. Mpira ukipasuka huvuta hewa badala ya oili, na pampu haitajua tofauti, wala kengele ya usawa wa oili haitalia, kwa sababu chombo bado kimejaa. Katika kichujio palikuwa na matone ya maji. Tena gia inayoizungusha pampu kutoka kwenye kranki ni ya plastiki, nayo ina umri ule ule wa mashine. Mipira tuliipata. Gia na vali zake tuliuliza Lamu, tukaulizia Mombasa, tukaambiwa tuagize ng'ambo na tusubiri. Tuliusubiri ujumbe wa bei kwa wiki tatu, na ulipokuja haukutuahidi siku ya kufika.

Hapo ndipo mama, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. "Nani ataiangalia?"

Swali hilo lilitufungua macho. Baba alipokuwa hai, kila alfajiri kabla ya kuondoka alifunua kifuniko cha mashine kwa taa ya mkononi. Alishika mipira, alitazama mstari wa oili, alipangusa kila kiungo. Pampu ile haikudumu miaka 20 kwa uzuri wa kiwanda peke yake. Ilidumu kwa sababu palikuwa na jicho moja juu yake. Leo boti inaendeshwa na watu watatu kwa zamu: ndugu zetu wawili na nahodha wa kuajiriwa. Safari hufuata maji, si saa. Siku nyingine huanza usiku wa manane. Kitu kinachoangaliwa na watatu gizani, kila mmoja akidhani mwenzake amekwisha kukiangalia, hakiangaliwi na yeyote.

Kwa hiyo suala lilibadilika mikononi mwetu. Halikuwa tena lipi bora, pampu au mkono. Mifumo yote miwili inataka mwangalizi. Pampu hutaka mtu wa kufunua kifuniko na kulinganisha petroli iliyotumika na oili iliyopungua, wiki baada ya wiki, bila kuchoka kwa kuwa daima mambo ni sawa. Kuchanganya kunataka mtu wa kupima kila mtungi, bila kuruka hata mmoja. Tulijiuliza ni uangalizi upi kati ya hiyo miwili ambao nyumba yetu, kwa watu wake ilionao leo, inaweza kuutimiza bila kukosa.

Jibu lilikuwa mbele yetu, limeshika chupa ya mtoto. Mashine iko majini, chini ya kifuniko, na dada zetu hawasafiri nayo kila siku. Lakini petroli hupita nchi kavu kwanza. Kila mtungi hujazwa kijijini kabla ya kushushwa botini. Oili ikitoka chini ya kifuniko na kuwa jambo la mtungi, itakuwa imetoka mahali pasipoonekana ikaja mahali ambapo wenye nusu ya boti wanaweza kuipima kwa macho yao. Tuliamua pampu iondolewe, na dada yetu mkubwa, ambaye tayari alikuwa akiandika daftari la nauli, awe ndiye mwenye kuchanganya.

Ami hakupinga. Alitaka masharti, na masharti yake ndiyo yanayoilinda mashine hadi leo.

Sharti la kwanza: hakuna petroli itakayoingia katika tangi la boti isipokuwa iliyotoka katika mitungi yetu. Kila mtungi uliochanganywa hufungwa kitambaa chekundu shingoni, na usio na kitambaa hauguswi. Oili ya mashine za boti mara nyingi hutiwa rangi ya buluu au kijani, nayo huipa petroli wekundu au weupe wake rangi nyingine ambayo jicho lililozoea huitambua. Lakini kitambaa huonekana hata usiku kwa taa.

La pili: botini hukaa chupa moja iliyofungwa yenye mililita 400 kamili, ya kutosha lita 20, kwa siku ambayo italazimu kununua petroli Mokowe au Lamu. Nahodha akiitumia huirudisha tupu, na tarehe huandikwa daftarini.

La tatu: oili iwe ile iliyoandikwa TC-W3, ambayo ni ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji. Oili ya pikipiki au ya msumeno wa miti, hata ikiwa ya bei nafuu, imetengenezwa kwa joto la namna nyingine.

La nne: kipimo kisizidishwe kwa kudhani kwamba kingi ndicho salama. Oili ikizidi, petroli katika mchanganyiko hupungua, masizi hujenga juu ya pistoni, pete zake hugandamana na plagi huzimika. Anayejua pishi ya wali anaelewa: chumvi nyingi haifidii chumvi iliyokosekana jana.

Ama kazi yenyewe ya kuiondoa pampu, si ya kuziba mpira mmoja na kwenda zako. Katika mashine kama yetu, ambayo pampu huzungushwa na kranki, pampu iliyokatiwa oili huku bado inazungushwa hujisaga yenyewe. Kwa hiyo fundi aliitoa pamoja na gia yake, na tundu lake akalifunika kwa bamba na gasketi. Kila kinywa kilichokuwa kikipokea oili alikiziba imara, kwa sababu tundu lililo wazi huvuta hewa, na mashine inayopata hewa nyingi kuliko petroli huunguza pistoni hata kama oili imo. Katika mashine za mfumo wa VRO mambo ni tofauti, kwani pale pampu moja husukuma petroli na oili kwa pamoja, na upande wa petroli huachwa uendelee na kazi. Na kengele haikukatwa yote. Waya wa usawa wa oili ulitengwa kwa namna inayoelekezwa na kitabu cha mashine, lakini waya wa joto ulibaki, maana kengele hiyo hiyo ndiyo inayotuambia maji ya kupoza yakikosekana. Mwenye kukata kengele nzima ili apumzike na kelele amejiziba masikio mbele ya moto.

Kuchanganya nako kuna adabu zake. Hakufanywi uwani wala karibu na jiko. Tulijenga kibanda cha mabati ufuoni, wazi pande mbili, na kazi hufanywa baada ya Alasiri ambapo kuna mwanga na watoto wako chuoni. Petroli kiasi hutangulia mtungini, kisha oili iliyopimwa, mtungi ukatikiswa vizuri, ndipo ukajazwa. Hupimwa mililita 200 mara mbili, na mara ya pili hutamkwa kwa sauti. Chupa ya mtoto imeandikwa kwa rangi isiyofutika, imetobolewa chuchu, na haitarudi jikoni abadan. Huchanganywa ya siku chache tu, kwa sababu petroli iliyokaa mtungini huchakaa.

Hatusemi kwamba hatukupoteza kitu. Tunapopita Mkanda kwa mwendo wa kunyatia, mashine sasa hupata oili nyingi kuliko inavyohitaji, na moshi wake huonekana. Plagi tunasafisha mara nyingi zaidi kuliko zamani. Oili tunayonunua imeongezeka: kule pampu ilitumia kiasi cha lita moja na nusu kwa kila lita 100 za petroli, mkono unatumia mbili kamili. Na bahari nayo ina haki yake. Mashine za zamani za mapigo mawili hutoa petroli na oili isiyoungua, na makadirio ya kawaida ni kati ya asilimia 20 na 30 ya mafuta yanayoingia. Hiyo huishia katika maji yale yale ambamo mikoko huota na kamba huzaa. Mwenye uwezo wa kununua mashine ya mapigo manne atakuwa amefanya lililo bora kwa nyumba yake na kwa jirani zake wa majini. Sisi uwezo huo bado, ingawa kila mwezi dada yetu huweka kando sehemu ya nauli kwa nia hiyo.

Wala hatusemi kila mwenye mashine kama yetu atufuate. Ikiwa pampu yako imejaribiwa ikaonekana hai, vipuri vyake vinapatikana, na yupo mtu mmoja ambaye kila wiki ataiangalia kwa jina lake, iache. Badilisha mipira, safisha kichujio, na andika petroli na oili katika daftari. Ikiwa boti yako hukodishwa kwa huyu na yule, kila mmoja akijaza petroli apendapo, basi iache pampu kwa nguvu zaidi, kwani kwa watu wengi wasiojuana, mtungi mmoja usiochanganywa ni suala la lini, si la kama. Lakini ikiwa mashine ni kongwe, vipuri vyake havipatikani, na nyumbani yupo mwenye mkono mwaminifu na daftari, usimwogope fundi anayekuambia uing'oe. Mtake tu aipime kwanza.

Tangu kusi lianze hadi tunapoandika, mitungi 83 imepita mikononi mwa dada yetu, na yote imo daftarini, tarehe kwa tarehe. Kengele haijalia. Ndugu zetu wa kiume wamezoea kuuliza, kabla ya kushusha mtungi ufuoni, "Huu umeupima, dada?" hata wanapokiona kitambaa, naye hujibu kila mara bila kukereka. Mama hajapata kupanda boti ile tangu atoke eda, lakini wiki iliyopita jirani alipomwuliza mashine yake inaendeleaje, hakumwambia akaulize wanawe. Alimjibu mwenyewe: "Inakula moja kwa hamsini, na tunaipimia nyumbani."

Wabillahi tawfiq.